“Call off” haihusu simu

Pwani ya Matemwe, Zanzibar, vijana wanaowapeleka wageni kisiwa cha Mnemba hukutana sana na maneno haya mawili: “call off”. Kusi likivuma kwa nguvu, mgeni huandika kwamba safari ya kesho ameamua kui-“call off”, na kijana akafahamu kwamba atapigiwa simu baadaye. Huyo mafuta keshanunua, na mashua ameiandaa. Wengine husema maana yake ni kukata simu.

Sivyo. “Call off” ni kufuta, kuvunja shughuli isifanyike tena. Kukata simu Waingereza huita “hang up”. Uvumbuzi wa simu ulisajiliwa na Alexander Graham Bell 1876, na “call off” ilikuwako kabla yake: “call” hapo ni kuita, kama mwindaji anavyowaita mbwa wake warudi, waache windo.

Kosa si la uvivu. Skuli tulifundishwa neno moja moja, tukayajumlisha. Lakini hata sisi husema mtu amekula njama, na hakuna aliyetafuna kitu.

La kuangaliwa zaidi ni “put off”. Hiyo ni kuahirisha: safari ipo, siku ndiyo imebadilika. Ukiyachanganya hayo mawili, utamrejeshea amana mgeni ambaye bado anakuja, au utamngoja aliyekwisha kuvunja safari.

Na ukitumia “it”, iweke katikati: “call it off”. “Call off it” si Kiingereza.