Sumaku inavyosoma kutu na mkazo katika bomba la chuma

Alfajiri ya tarehe 19 Agosti 2000, bomba la gesi asilia lilipasuka karibu na Carlsbad, jimbo la New Mexico, Marekani, na kuua watu 12 waliokuwa wamepiga kambi kando ya mto Pecos. Wachunguzi walikuta kutu imelila bomba kwa ndani. Walikuta pia kwamba sehemu ile haikujengwa kwa namna ya kuruhusu vifaa vya kusafisha vipite ndani yake. Kila ninapoeleza kazi ya sumaku katika mabomba huanzia hapo, kwa sababu kutu ya ndani ya bomba lililofukiwa haimpi mtu aliye juu dalili yoyote.

Nguvu ya sumaku hupita kwa urahisi zaidi ndani ya chuma kuliko hewani. Ukipachika sumaku kwenye ukuta wa bomba, mistari ya nguvu yake huzama ndani ya ukuta na kusafiri humo hadi ncha ya pili. Wengi hudhani kwamba palipoliwa na kutu mistari hiyo itatoka nje mara moja. Haiwi hivyo kama sumaku ni dhaifu. Fikiria mfereji wenye maji nusu: udongo ukijaa sehemu ya chini, maji bado yanapata nafasi ya kupita na huoni tofauti. Lakini mfereji ukiwa umejaa hadi ukingoni, udongo kidogo tu unayamwaga nje papo hapo. Ukuta wa bomba nao hauna budi kujazwa usumaku hadi ushibe. Kwa chuma cha mabomba hiyo ni tesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 1.6 hivi au zaidi, makumi ya maelfu ya mara kupita usumaku wa dunia unaogeuza sindano ya dira. Chuma kikishashiba, shimo la kutu hubana njia na mistari huvujia nje ya ukuta. Uvujaji huo ndio tunaoupima.

Kifaa chenyewe husukumwa na mafuta au gesi ile ile inayosafirishwa, kwa mwendo wa mtu anayetembea au kukimbia polepole. Wahandisi hukiita pigi. Kimebeba sumaku za neodimiamu zenye nguvu kubwa, brashi za waya wa chuma zinazopeleka usumaku ukutani, na mamia ya vihisi vilivyopangwa kuzunguka duara lote la bomba. Vihisi hivyo hutumia jambo aliloligundua mwanafizikia Edwin Hall mwaka 1879: waya au bamba linalopitisha umeme, likiwekwa kwenye uga wa sumaku (eneo ambamo nguvu yake inafika), hutoa volti ndogo upande kwa upande. Gurudumu la kupimia umbali huandika kila usomaji ulichukuliwa mita ya ngapi. Kinachosomwa, hata hivyo, si kina cha shimo. Ni umbo la uvujaji, na shimo pana lisilo na kina linaweza kufanana na shimo jembamba lililozama. Kwa hiyo hesabu hufuatwa na koleo: bomba hufukuliwa mahali palipotajwa, utando wake wa kinga huondolewa, na kina hupimwa kwa mkono. Katika kanuni inayotumika sana, ile ya B31G ya ASME, chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, sehemu yenye shimo lililokula zaidi ya asilimia 80 ya unene wa ukuta haiachwi ikaendelea na kazi. Shimo lisilofika hapo huamuliwa kwa kuangalia pia urefu wake.

Njia hii ina upofu ambao sipendi kuuficha. Mistari ya sumaku ikipita kwa urefu wa bomba, ufa mwembamba uliolala kwa urefu huo huo hauikati. Mistari inapita pembeni yake na pigi halisemi kitu. Mkazo, yaani nguvu ya kuvuta au kukandamiza iliyo ndani ya chuma, unaoletwa na msukumo wa gesi, nao, hupasua bomba kwa uelekeo huo huo. Ndiyo maana kuna mapigi yanayopitisha usumaku kwa kuzunguka duara. Ufa uliofumba kabisa huweza kuyaponyoka hata hayo, na hapo mawimbi ya sauti hufanya kazi vizuri zaidi.

Mkazo ni somo gumu kuliko kutu. Mwanafizikia Emilio Villari alionyesha mwaka 1865 kwamba chuma kikivutwa au kukandamizwa, usumaku wake hubadilika. Ndani ya chuma mna vitongoji vidogo sana, kila kimoja na uelekeo wake wa sumaku, na chuma cha kawaida kikivutwa, vitongoji huelekea kujipanga kufuata mvuto. Lakini ukikishibisha chuma, vyote vimekwisha kulazimishwa upande mmoja, na habari ya mkazo karibu yote imefutika. Usumaku mkali unaotufunulia kutu ndio unaotufichia mkazo. Kwa hiyo baadhi ya mapigi hubeba uga wa aina mbili, mkali na hafifu, na tofauti ya picha hizo mbili huonyesha palipobonyea au palipokuwa pagumu isivyo kawaida. Ipo pia njia ya kusoma usumaku uliobaki katika chuma chini ya uga wa dunia peke yake. Mimi naiona inafaa kuonyesha mahali pa kutazamwa kwa karibu, lakini siitegemei kunipa kiwango cha mkazo, maana kulehemu na hata kunyanyuliwa kwa kreni ya sumaku huacha alama zake humo.

Kwa anayeishi au kufanya kazi karibu na bomba, mkazo una maana hii. Ndoo ya mashine ya kuchimba ikilikwaruza bomba bila kulitoboa, chuma cha pale hubonyea na kukakamaa, na ufa unaweza kuanzia hapo ukakua taratibu kwa miezi au miaka, kila msukumo wa ndani unapopanda na kushuka. Huenda hapatasikika harufu wala mvumo siku hiyo. Likitokea, simamisha mashine, acha shimo wazi, umwite mwenye bomba kabla udongo haujarudishwa, ili apapime pakiwa bado panaonekana kwa macho.