Mji wa kampuni: maana yake ukiitafuta Nachingwea

Ukishuka basi Nachingwea, mkoani Lindi, ukamwambia bodaboda "nipeleke Stesheni", hatakuuliza unapanda treni gani. Atapiga kiki, mtaondoka. Stesheni ni jina la kata. Reli yenyewe ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa, na kijana anayekubeba huenda hata baba yake hakuwahi kuisikia honi. Mimi naona hapo ndipo pa kuanzia ukitaka kuelewa mji wa kampuni ni nini.

Mji wa kampuni ni makazi ambayo mwajiri mmoja ndiye mwenye kazi, mwenye nyumba, mwenye duka, mwenye zahanati na mwenye bomba la maji. Usiuchanganye na mji wenye kiwanda. Mtwara mjini kiwanda kikifungwa watu wanaumia, lakini samaki soko la Feri wanaendelea kuuzwa. Katika mji wa kampuni ukiachishwa kazi leo, kesho huna pa kulala, maana nyumba ni kota, na kota ni ya kazi. Kampuni yenyewe ikiondoka, ni kama mji mzima umepewa barua.

Miji ya namna hii ina msamiati wake. Kwenye mashamba ya mkonge walikuwapo manamba, vibarua wa mkataba waliojulikana kwa namba kuliko kwa majina ya baba zao. Alikuwapo nyapara wa kuwasimamia, na posho, ambayo siku hizo ilikuwa unga na maharage ya kupimiwa, si bahasha ya semina kama leo. Kilikuwapo pia kipande: kadi iliyotiwa alama kila siku uliyomaliza kazi. Mshahara ulitoka alama zikitimia 30, hata kama kalenda ilishaingia mwezi mwingine. Ukiugua wiki, mwezi wako unarefuka kwa wiki. Mzee akikwambia "nilikaa vipande sita", usikimbilie kusema ni nusu mwaka.

Nachingwea haikuanza na mkonge, ilianza na karanga. Baada ya vita ya pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, na mwaka 1947 ikaanzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na huku kusini. Matrekta mengine yalikuwa mabaki ya vita, mengine vifaru vilivyogeuzwa. Kongwa ardhi ikikauka inakuwa kama saruji na mvua ni za kubahatisha. Nachingwea mvua zilikuwa afadhali, ila hapakuwa na njia ya kufikisha mzigo baharini, hivyo ikabidi kwanza ijengwe reli, na bandari ya kina kirefu Mtwara. Januari 1951 mradi ukatangazwa kufa. Bandari ilikuja kukamilika karanga zenyewe hazipo; leo inaishi kwa korosho na mizigo mingine.

Vitabu vingi habari huziishia hapo, kwa hasara: pauni zaidi ya milioni 36. Sawa, lakini hiyo ni kumbukumbu ya mwenye mfuko. Kumbukumbu ya jamii ni kitu kingine. Ni yale ambayo watu wanayashika kwa pamoja bila kuandikiana: majina ya mahali, namna ya kuhesabu miaka, maneno ya utani. Mtu asiye na cheti cha kuzaliwa alisema amezaliwa "enzi za karanga", na waliomsikia wakajua umri wake. Hasara ya London, kwa Mmwera au Mmakua aliyetoka kijijini, ilikuwa mshahara wa kwanza na baiskeli. Ilikuwa pia msitu wa babu uliofyekwa kwa mnyororo pasipo kuulizwa. Mtu yuleyule anaweza kukusimulia yote mawili jioni moja, la kwanza akicheka na la pili akitazama pembeni. Ndiyo maana simwamini sana anayesema wazee "wanaukumbuka vizuri" mradi ule, wala anayesema wanauchukia.

Kusini tumelirudia jambo hili, kwa udogo kidogo, kwenye viwanda vya kubangua korosho vya miaka ya 1970. Vingi havikumaliza hata miaka kumi na tano, na kota zake zikabaki na wapangaji wasiojua kubangua.

Tena kumbukumbu hizi hupandiana. Mashamba ya karanga yalipewa namba, na moja likaitwa Farm 17. Wakulima wakaondoka, na miaka ya 1960 wakaja wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kufanya mazoezi ya vita, Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa nchi hiyo, akiwa miongoni mwao. Kwa hiyo Mwingereza akisikia Nachingwea anakumbuka fedha iliyopotea, Mmsumbiji anakumbuka uhuru wake ulikoanzia, na mwenyeji akitaka kukuelekeza njia anakutajia tu namba iliyotoka kwenye daftari la karanga: "Pita hapo, unatokea Farm 17."