Linux haikingi kivinjari kilichopitwa na wakati

Kuna ujumbe kuhusu Linux, mfumo endeshi wa kompyuta kama Windows, unaozunguka kwenye magrupu miaka nenda miaka rudi: "Ukitumia Linux, weka kivinjari chochote, hata cha zamani. Virusi haviingii." Si kweli.

Mkanganyiko wenyewe unaeleweka. Virusi vingi, hasa faili zinazoishia na .exe, vimeundwa kwa ajili ya Windows, na ukizibofya kwenye Linux kwa kawaida hazifunguki. Lakini ukurasa bandia wa benki hauhitaji faili. Unaandika nywila kwa mkono wako, inakwenda moja kwa moja kwa tapeli, uwe kwenye Windows au Linux.

Na kivinjari cha zamani hubaki na mianya ya usalama ambayo masasisho huiziba. Kwa hiyo chagua Firefox, Chromium au kivinjari kingine ukipendacho, mradi kinapata masasisho. Kuhakiki ni dakika moja: kwenye Firefox bofya mistari mitatu juu kulia, kisha Help, halafu About Firefox, usome namba ya toleo. Kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, tangu toleo la 21.10 Firefox huja kama snap (kifurushi cha programu) na hujisasisha yenyewe, ila toleo jipya huanza kazi ukishaifunga na kuifungua upya. Wengi huiacha wazi wiki nzima!

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyekutumia.