Propu wa raga ana asilimia ngapi ya mafuta? Acheni kuniuliza

Nasema kwa mara ya mwisho (naongopa, wiki ijayo nitarudia): kalipa, kile kibanio cha kupimia unene wa mkunjo wa ngozi, haipimi asilimia ya mafuta. Inapima milimita. Asilimia hupikwa baadaye kwa fomyula, na humo ndimo uongo unamoingilia.

BMI (kilo ukigawanya kwa urefu wa meta uliozidishwa kwa wenyewe) tuipite haraka. Propu wa miaka 19, kilo 110, meta 1.83, anapata karibu 33. Kwa jedwali huyo ni mnene wa kutibiwa. Jedwali halijui paja wala kitambi.

Sasa fomyula. Ile ya mwanasayansi William Siri ya 1961, inayogeuza msongamano wa mwili kuwa asilimia ya mafuta, inachukulia kwamba mwili ukiuondolea mafuta una msongamano wa gramu 1.1 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa kila mtu. Kijana ambaye mifupa haijakomaa yuko chini ya hapo, kwa hiyo anabambikiwa mafuta asiyokuwa nayo. Mwenye mifupa mizito ya mazoezi yuko juu, mafuta yake yanafichika. Kijana anayeitafuta jezi ya Chipu, timu ya raga ya Kenya ya chini ya miaka 20, anaweza kuwa upande wowote, halafu kocha anamwambia "shuka hadi asilimia 12" kana kwamba ni joto la jiko.

Badala ya asilimia, jumlisheni milimita za mikunjo saba ya ngozi: nyuma ya mkono, mbele ya mkono, chini ya bapa la bega, juu ya nyonga, kando ya kitovu, paja, kigimbi. Upande wa kulia, alama ya kalamu kwanza. Shika ngozi na mafuta, misuli iache. Weka kalipa sentimita 1 kutoka vidoleni, usiachie, soma baada ya sekunde 2. Maliza saba zote ndipo urudie. Vipimo vikipishana zaidi ya asilimia 5, pima mara ya tatu, chukua cha katikati. Mpimaji awe yuleyule, asubuhi, kabla ya mazoezi. Alama ikihama sentimita 1 tu, umepima mtu mwingine.

Jumla ikishuka kutoka milimita 95 hadi 80 na kilo zikabaki 110, misuli imeongezeka. Kilo zikipanda 4 na milimita 20, huo ni ugali.

Nikiri: tumboni kwa propu mkunjo mara nyingi haunyanyuki vizuri, na namba ya hapo siiamini sana. DXA nayo, mashine ya eksirei ya kupima mafuta na misuli, huhesabu maji kama misuli, na mabega ya hawa vijana humwagika nje ya kitanda chake.

Bado unataka asilimia? Nitakupa tatu, za fomyula tatu, kwa milimita zilezile. Chagua inayokupendeza.