Mazungumzo yanayoanzia maktabani: kituo cha Wadominiko, Cairo

Ukitaja kituo cha mazungumzo kati ya Wakristo na Waislamu, wengi huona meza kuu: askofu huku, sheikh kule, maua katikati, na mwishoni tamko la pamoja. Mimi nafundisha historia ya mahusiano ya dini hizi mbili, na kituo ninachowatajia wanafunzi wangu kabla ya vingine hakikujengewa jina na meza kama hiyo. Ni taasisi ya masomo ya Mashariki ya Wadominiko, shirika la watawa Wakatoliki, iliyoko mtaa wa Abbasiya, Cairo, maarufu kwa kifupisho chake cha Kifaransa, IDEO. Fahari yake ni maktaba.

Nyumba hiyo ya watawa ilianzishwa mwaka 1928 na Padri Antonin Jaussen, kwa nia ya kusaidia masomo ya Biblia. Uislamu ulikuja baadaye, mikononi mwa mapadri watatu: Georges Anawati, Jacques Jomier na Serge de Beaurecueil. Taasisi ikaundwa rasmi mwaka 1953, na mwaka uliofuata likaanza kutoka jarida lake, MIDEO. Jomier alizama katika Tafsiri ya al-Manar, ufafanuzi wa Qurani wa wanazuoni Muhammad Abduh na Rashid Rida. De Beaurecueil alimfuata Ansari, mwanatasawufi (sufi) wa Herat, Afghanistan, kwanza vitabuni, kisha kwa miguu: alihamia Kabul na kuishi huko miaka mingi akilea watoto wasio na kwao.

Lakini wa kumtazama kwa karibu ni Anawati. Alizaliwa Aleksandria mwaka 1905, akasomea ufamasia kabla ya kuingia utawani. Ilipokaribia miaka elfu tangu kuzaliwa kwa Ibn Sina kwa hesabu ya Hijria, Jumuiya ya Nchi za Kiarabu ilimkabidhi yeye kazi ya kuorodhesha maandishi ya mwanafalsafa huyo, na orodha ikachapishwa mwaka 1950. Hapo pana jambo. Padri alipewa kazi hiyo kwa sababu anayajua maandishi, hakuna aliyekuwa akimfanyia hisani. Miaka kumi na tano baadaye, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulipopitisha Nostra Aetate, tamko kuhusu uhusiano wa Kanisa na dini nyingine, Oktoba 1965, yeye alikuwa miongoni mwa wataalamu walioshughulikia maneno yanayowahusu Waislamu. Watu hulinukuu tamko kana kwamba lilishuka siku ile ile. Mimi husema lilipikwa miaka mingi, juu ya meza za kusomea.

Sasa turudi maktabani. Mkusanyo wake umejikita katika turathi za Kiarabu na Kiislamu, hasa za karne kumi za mwanzo: tafsiri za Qurani, hadithi, fiqhi, ilmu ya kalam (theolojia ya Kiislamu), falsafa, tasawufi. Wasomaji wake wengi ni Waislamu, wakiwemo wanafunzi wa Al-Azhar, chuo kikuu cha Kiislamu cha Cairo. Katalogi yake, iitwayo AlKindi, haiishii kuonyesha kitabu kiko rafu gani; inaonyesha pia uhusiano wa kazi na kazi: hii ni sharhu (ufafanuzi) ya ile, hii ni muhtasari wake, hii ni jibu la kuipinga. Chukua Tahafut al-Falasifa, kitabu cha Ghazali cha kuwapinga wanafalsafa. Pembeni yake lazima ikae Tahafut al-Tahafut, ambamo Ibn Rushd anamjibu hoja kwa hoja. Mwanafunzi akifuatisha nyuzi hizo anakutana pia na Yahya ibn Adi, Mkristo wa Baghdad aliyefariki mwaka 974, mwanafunzi wa mwanafalsafa Mwislamu Farabi; na Farabi naye alisoma mantiki kwa mwalimu Mkristo. Hakuna haja ya kumhubiria kijana huyo kwamba zamani watu wa dini hizi walisomeshana. Ameshaona majina.

Sisi tuliokulia kwenye mihadhara ya uwanjani, ya mtu kusimama na Biblia mkono mmoja na Qurani mkono mwingine, huona kazi hii ni baridi mno. Ni baridi kweli, na ndiyo maana naiamini. Mwaka 2011 Al-Azhar ilisimamisha mazungumzo yake na Vatikano kufuatia kauli ya Papa Benedikto XVI baada ya shambulio la bomu kanisani Aleksandria. Mlango haukufunguka vizuri mpaka Mei 2016, Sheikh Ahmad al-Tayyib wa Al-Azhar alipomtembelea Papa Fransisko. Mazungumzo ya wakubwa hupanda na kushuka na siasa. Mtu mwenye swali kuhusu isnadi ya hadithi, yaani mlolongo wa wapokezi wake, hangoji ruhusa ya wakubwa hao kufungua kitabu.

Kasoro ipo, na siyo ndogo. Makala za MIDEO huandikwa kwa lugha za wanazuoni na kwa wanazuoni, hivyo padri wa parokia na imamu wa mtaani hawapati kitu moja kwa moja. Anayetaka kujifunza lugha, misingi ya Uislamu na namna ya kufundisha wengine afadhali aangalie Roma, kwenye taasisi ya kipapa ya masomo ya Kiarabu na Kiislamu, PISAI, ambayo shirika la Wamisionari wa Afrika liliianzia Tunis na kuihamishia huko mwaka 1964. Ila akishajua Kiarabu cha kutosha kusoma matini yasiyo na harakati (alama za irabu), katalogi ya Cairo inapatikana kwenye intaneti.