Ghilli: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu picha ya kabadi ya Kitamil

Ghilli, filamu ya India kuhusu kijana mcheza kabadi (mchezo wa kugusana na kukamatana kati ya timu mbili), ilitoka Aprili 2004, na mimi ni mmoja wa wale wasiochoka kuirudia. Kila ninapoizungumzia na watu hukutana na maneno yaleyale, mengine nusu kweli na mengine si kweli kabisa. Nayaandika hapa kwa sababu naamini ukiyaondoa unaiona filamu nyingine, nzuri zaidi.

"Ni picha ya Kihindi"

Kiswahili chenyewe kinatuchanganya hapa. Neno "Kihindi" tunalitumia kwa nchi na kwa lugha, basi kwenye vibanda umiza vyetu kila filamu ya India huwa ya Kihindi na kila kitu huitwa Bollywood. Ghilli imezungumzwa Kitamil, lugha ya jamii ya Kidravidi ambayo haina udugu na Kihindi cha Delhi. Mtu wa Delhi asiyejua Kitamil anahitaji tafsiri sawasawa na mtu wa Temeke au Kisumu. Bollywood ni ya Mumbai. Filamu za Kitamil makao yake ni Chennai, na jina Kollywood limetokana na Kodambakkam, mtaa wa mji huohuo.

"Ni ya mapigano, kabadi imewekwa kama pambo"

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kisa ni hiki. Velu, anayeigizwa na Vijay, ni kijana wa Chennai anayependa kabadi kupita kiasi, na baba yake, ofisa wa polisi, hataki kabisa kusikia habari za mchezo huo. Velu anasafiri kwenda Madurai kwa ajili ya mechi. Huko anamkuta Muthupandi, mbabe wa mji, akimlazimisha binti anayeitwa Dhanalakshmi aolewe naye, baada ya kuwaua kaka zake. Velu anampiga Muthupandi mbele ya watu wake, anamchukua binti, wanatoroka hadi Chennai, kisha anamficha chumbani mwake bila wazazi kujua. Kuanzia hapo ni mbio na ngumi, na mtazamaji asiyejua kabadi huona mchezo umesahauliwa mpaka zifike mechi za mwisho.

Sasa tazama kabadi inavyochezwa. Kila timu ina watu saba uwanjani, na mstari wa kati unagawa uwanja sehemu mbili. Mchezaji mmoja, anayeitwa mvamizi, anavuka mstari peke yake, anaingia kwa wapinzani saba huku akitamka "kabadi, kabadi" bila kukata pumzi. Ana sekunde 30. Kazi yake ni kumgusa mpinzani mmoja au zaidi, kisha arudi kwao kabla hawajamkamata na kumwangusha. Akirudi salama, kila aliyeguswa anatoka nje na timu ya mvamizi inahesabiwa pointi. Akikamatwa, anatoka yeye. Halafu zamu inageuka: upande wa pili nao unatuma mtu wake.

Velu alichofanya Madurai ni hichohicho. Ameingia peke yake kwenye eneo la watu, amemgusa mkubwa wao, na sasa ana kilomita zipatazo 460 za kurudi kwake huku kila mtu akinyoosha mkono amkamate. Zile mbio za usiku zinazokufanya ushike pumzi ni uvamizi wa kabadi uliorefushwa. Na Muthupandi anapokuja Chennai kumtafuta binti, zamu imegeuka: sasa yeye ndiye yuko ugenini. Ukiitazama hivyo, kila steringi anapokimbia badala ya kusimama kupigana hutamwona mwoga. Katika kabadi, kumgusa mtu bila kurudi hakukupi kitu.

"Kabadi ni mieleka tu"

Nguvu inasaidia, lakini nguvu peke yake haitoshi. Walinzi hushikana mikono na kusogea kama mnyororo, wakimsubiri mvamizi aingie ndani mno ndipo wamzibe njia ya kurudi. Mvamizi naye hutumia ncha ya kidole cha mguu, hujipinda, hudanganya kwa bega. Watamil wameucheza tangu zamani kwa jina la sadugudu, vijijini, kwenye udongo, bila kifaa chochote.

"Wahindi pekee ndio wanaoujua"

Kabadi imo kwenye Michezo ya Asia tangu 1990. Mwaka 2018, Jakarta, Iran iliitoa India katika nusu fainali ya wanaume na kuondoka na dhahabu, na kwa wanawake pia ni Iran iliyoishinda India kwenye fainali. Kwa Bangladesh, kabadi ndio mchezo wao wa taifa. Na kwenye Kombe la Dunia la 2016 kule Ahmedabad, kati ya timu 12 ilikuwemo Kenya.

"Hadithi ilibuniwa kwa ajili ya Vijay"

Hapana. Asili yake ni Okkadu, filamu ya Kitelugu ya Januari 2003 iliyoongozwa na Gunasekhar, akiigiza Mahesh Babu. Dharani, mwongozaji wa Ghilli, aliichukua akaihamishia Tamil Nadu, jimbo la Watamil. Mji wa Kurnool wa Okkadu ukawa Madurai. Charminar, ule mnara mkongwe wa Hyderabad ambao Okkadu iliujengea mfano wake mkubwa kwa ajili ya kupigia picha, nafasi yake ikachukuliwa na mnara wa taa wa pwani ya Chennai. Uhamisho huo si jambo dogo, kwa maana mtu wa Chennai aliuona mji wake mwenyewe. Adui tu ndiye hakubadilika: Prakash Raj ameigiza katika zote mbili. Katika Ghilli anamwita Dhanalakshmi "chellam", yaani mpenzi, kwa sauti inayotisha na kusikitisha kwa pamoja, na neno hilo limemganda mpaka leo.

"Vijay ndiye anayeimba Appadi Podu"

Vijay kweli ameimba katika filamu zake kadhaa, ndiyo maana kosa hili linaeleweka. Lakini Appadi Podu, wimbo wa Ghilli uliotungiwa muziki na Vidyasagar, imeimbwa na KK pamoja na Anuradha Sriram. Vijay na Trisha, aliyeigiza Dhanalakshmi, wanacheza tu, na wanacheza vizuri ajabu.

"Ni ya zamani, vijana hawaijui"

Tarehe 20 Aprili 2024 Ghilli ilirudishwa kwenye majumba ya sinema ikiwa imesafishwa picha. Miezi miwili kabla yake Vijay alikuwa ametangaza chama chake cha siasa, Tamilaga Vettri Kazhagam, na mashabiki walijua anaelekea kuaga sinema. Wakafurika. Walikuwemo vijana ambao hawakuwa wamezaliwa ilipotoka mara ya kwanza, na wakati wa Appadi Podu watu waliinuka vitini wakacheza mbele ya skrini. KK alikuwa amefariki Kolkata tarehe 31 Mei 2022, muda mfupi baada ya kushuka jukwaani, na sauti iliyowainua ilikuwa yake.