Je, wajua kwa nini dakika mbili za kupiga deki zinahesabika kuwa mazoezi?

Mpaka mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilikuwa na sharti moja ambalo wengi wetu hatukulijua. Ili mwendo wa mwili uingie katika zile dakika 150 za kila wiki, ulipaswa kudumu dakika 10 mfululizo au zaidi. Aliyepanda ngazi hadi ghorofa ya nne kwa dakika mbili, hesabuni hayumo. Aliyefagia uwanja kwa dakika nane, naye hola. Mwongozo mpya uliotoka Novemba mwaka huo ulilifuta sharti hilo. Sasa mtu mzima anaambiwa afikishe dakika 150 hadi 300 za shughuli ya nguvu ya wastani kwa wiki, na anaweza kuziokota popote, hata moja moja.

Mwili wenyewe haukubadilika mwaka huo. Kilichobadilika ni namna ya kuupima. Kwa miaka mingi watafiti walitegemea kuwauliza watu wamefanya nini wiki iliyopita, na mtu huulizwa hivyo akakumbuka mechi ya Jumamosi. Nani anakumbuka ameinuka mara ngapi kufuata chumvi jikoni? Vilipokuja vifaa vidogo vya kuvaa mkononi au kiunoni, vinavyorekodi kila mtikisiko usiku na mchana, vipande hivyo vilivyokuwa vikipotea vikaanza kuonekana. Ikabainika kwamba vilivyokusanywa kidogo kidogo navyo vinaendana na afya njema, sawa na vile vya mfululizo.

Ndani ya mwili mambo huenda hivi. Ukishakula wali au ugali, sukari hupanda kwenye damu, na kongosho hutoa insulini, kichocheo kinachoziwezesha seli kuipokea sukari hiyo. Lakini msuli unaofanya kazi una mlango wake wa pili: ukijikunja na kujikunjua, huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kungoja insulini. Misuli mikubwa kuliko yote ni ya mapaja na makalio, na ndiyo hiyo hiyo inayolala kabisa ukikaa kwenye kochi. Misuli ya mashavu ya miguu nayo ina kazi ya ziada ya kusukuma damu irudi juu kuelekea kwenye moyo, ndiyo maana aliyekaa kutwa huvimba miguu.

David Dunstan na wenzake huko Melbourne, Australia, walilipima jambo hili mwaka 2012. Waliwakalisha watu 19 wenye uzito mkubwa kwa saa tano baada ya kuwapa kinywaji chenye sukari na mafuta. Siku moja walikaa bila kuinuka. Siku nyingine waliinuka kila baada ya dakika 20 wakatembea dakika mbili tu, tena polepole. Siku ya kuinuka, ongezeko la sukari kwenye damu lilipungua kwa takriban robo. Kwa hiyo wakati wenye faida kubwa nyumbani ni ule ambao shibe inatuambia tujinyooshe: baada ya chakula. Kuondoa vyombo, kufuta meza, kuosha sufuria umesimama, kisha kumwaga takataka nje ni dakika 15 zilizoangukia pale pale zinapohitajika.

Wazo kwamba kazi ya kawaida hulinda moyo lina umri. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris alichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walifanya kazi katika basi moja. Tofauti ni kwamba dereva alikaa zamu nzima, kondakta akipanda vidato mia kadhaa vya ngazi za basi kwa siku akikata tiketi. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha chini, na waliopata hawakushambuliwa vikali kama madereva. Miaka mitatu baadaye Morris huyo huyo alipekua vipimo vya sare zao akakuta suruali za madereva ni pana kiunoni kuliko za makondakta. Jambo hilo lilizua swali kama unene ulitokana na kukaa au waliochagua udereva walikuwa wanene tangu mwanzo. Hata hivyo, tafiti nyingi zilizofuata zimeelekea upande ule ule aliouonyesha.

Mfano wa karibu zaidi uko Tanzania, pembezoni mwa Ziwa Eyasi. Mwaka 2020 David Raichlen na wenzake walieleza walichokipima kwa Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya asali, mizizi na matunda. Wengi tungedhani watu hao hawapumziki. Kumbe hupumzika karibu saa 10 za mchana kutwa, muda usiotofautiana sana na wa watu wa mijini huko Magharibi, ila hawapatwi na maradhi ya moyo kama wao. Watafiti waliangalia wanavyopumzika. Hawana makochi, huchuchumaa, hupiga magoti, hukaa chini. Vifaa vilivyobandikwa kwenye misuli vilionyesha kwamba anayechuchumaa misuli yake ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo, wakati ya aliyekaa kwenye kiti iko kimya.

Sasa tazama jikoni kwetu. Bibi aliyekuna nazi kwenye mbuzi, akapepeta mchele kwenye ungo na kuchochea jiko la mkaa alikuwa akiinama, akichuchumaa na kuinuka mara nyingi kabla chakula hakijaiva. Jiko la gesi la mezani, blenda na sinki vimetupunguzia moshi na maumivu ya mgongo, na sioni sababu ya kuvililia. Lakini vimeondoka na mwinuko na mwinamo wote ule, na hakuna kilichokuja kuujaza. Kuurudisha si lazima uuze blenda. Weka beseni la nguo chini unapoanika, uchuchumae kwa kila nguo badala ya kuliegemeza kwenye kiti. Menya viazi umeketi kwenye kigoda. Ukisubiri chai ichemke, simama kwa ncha za vidole vya miguu, shuka, rudia. Au uegemee ukuta kwa viganja na ujisukume. Kwa mzee, kuinuka kwenye kiti bila kushika chochote, mara kadhaa asubuhi na jioni, humwekea nguvu za mapaja ambazo ndizo zinazomwezesha kwenda chooni bila kushikwa mkono. Mwenye magoti mabovu asijilazimishe kuchuchumaa. Kiti kirefu kidogo kinamtosha.

Je, kila kazi ya nyumbani ni mazoezi? Hapana. Kukunja nguo kitandani au kuchambua mboga ni shughuli nyepesi, ni bora kuliko kulala lakini haiingii kwenye dakika 150. Kufagia na kupiga deki kwa bidii huingia katika nguvu ya wastani. Kipimo rahisi ni pumzi: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko kwenye wastani, ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta hewa, umevuka hapo. Na huko juu ndiko kuna habari iliyowashangaza wengi. Mwaka 2022 Emmanuel Stamatakis wa Chuo Kikuu cha Sydney na wenzake walichambua taarifa za Waingereza zaidi ya 25,000 ambao walisema hawafanyi mazoezi yoyote. Waliokuwa na vipindi vitatu kwa siku vya kuhema kweli kweli, kila kimoja cha dakika moja au mbili, kwa mfano kupanda ngazi haraka au kubeba mzigo, walifariki kwa kiwango cha chini kwa karibu asilimia 40 kuliko wasiokuwa navyo kabisa, kwa takriban miaka saba waliyofuatiliwa. Uchunguzi wa aina hiyo hauthibitishi kwamba ngazi ndizo zilizowaokoa. Mwenye afya njema ndiye awezaye kupanda mbio. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kupuuzwa. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au presha isiyotulia amwone daktari kabla ya kujaribu mbio za ngazi.

Anayetarajia kitambi kiyeyuke kwa kupiga deki apunguze matumaini. Mwaka 1999 James Levine wa Mayo Clinic, Marekani, aliwalisha watu 16 kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki nane. Mmoja aliongeza chini ya nusu kilo ya mafuta, mwingine zaidi ya kilo nne, na tofauti hiyo ilielezwa zaidi na mtukutiko wa kawaida: kusimama, kutembea huku na huku, kutotulia. Ila Herman Pontzer alipowapima Wahadzabe alikuta wanatumia nishati sawa na watu wa mijini wa umbo kama lao, licha ya kutembea kwingi. Wataalamu bado wanavutana hapo. Sukari, moyo na nguvu za mapaja ndiyo faida ya uhakika; mizani ni suala la sahani zaidi.

Kuna jambo moja ambalo miongozo ya nje haigusi, nalo ni letu. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam na Nairobi mwendo haujapotea, umehamishiwa kwa mtu mwingine. "Dada, niletee maji." "We mtoto, nipe rimoti." Bodaboda anaitwa alete hadi mlangoni mkate kutoka duka la Mangi lililo hatua 200 kutoka getini. Nyumba ni moja, lakini dada wa kazi anashinda wima tangu alfajiri huku baba akihesabu hatua kwenye saa ya mkononi. Wala dada huyo hafaidiki kama tunavyodhani: Andreas Holtermann na wenzake huko Denmark wameonyesha mara kadhaa kwamba kusimama na kubeba kutwa nzima kazini, bila mapumziko, hakuleti kinga ya moyo inayopatikana kwa mwendo mtu anaojichagulia na kuuacha achokapo. Baba akichukua deki ya jioni, maji ya kunywa na safari ya mkate, anapata dakika zake 20 kabla ya taarifa ya habari, na dada anapata nafasi ya kukaa.